Picha Inang'aa, Lakini Huyu ni Nani?

Kasansa mpunga ukishauzwa, watu wanapiga picha. Ndivyo ilivyo. Hela ikiingia mfukoni, kwanza linalipwa deni la dukani, kisha vinashonwa vitenge, halafu zinatafutwa picha za kuweka stetasi ili hata shemeji aliyeko Mpanda au Dar ajue kuwa mambo si mabaya. Na ukiuliza wateja wanataka picha ya aina gani, kuanzia binti aliyemaliza kidato cha nne mpaka dereva wa bodaboda, jibu ni moja tu: "Iwe inang'aa."

Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Kung'aa ni nini? Ni mwanga, ni rangi, au ni weupe? Watu wengi wanavichanganya hivyo vitu vitatu, na wapiga picha wengi wanakula hela kwenye huo mchanganyiko.

Kuna dada mmoja pale Kasansa, kata iliyoko Halmashauri ya Mpimbwe, wilaya ya Mlele, mkoani Katavi. Kazi yake ni hiyo hiyo, picha. Alianza na simu aina ya TECNO, akaja kununua kamera ya mtumba Mpanda, akarudi nayo amekumbatia mkoba kwenye basi linalokatiza Hifadhi ya Katavi, wenzake wanachungulia twiga dirishani, yeye anachungulia kama lenzi haijagongwa. Mtaani wanamwita "dada wa picha" tu, na jina linatosha.

Misimu miwili ya mwanzo alivuma kwa sababu moja: ukipita kwenye simu yake unatoka mweupe. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Anapiga saa yoyote mteja akitokea, hata jua la utosi. Kisha anaingia kwenye programu ya urembo, anaburuta kile kitufe cha weupe mpaka mwisho, analainisha ngozi mpaka inakuwa kama plastiki, anapandisha rangi mpaka kitenge kinakaribia kutoa moshi. Dakika 3, kazi imeisha, laiki zinamiminika. Vijana wakaanza kuiita staili yake "mkorogo wa simu". Yeye alicheka tu, maana wateja hawakuacha kuja.

Mkorogo wenyewe kila mtu anajua habari zake. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na bado watu wanauziana kwa kificho, na bado unamwona mtu uso wa njano vidole vyeusi. Wa simu hauna hayo. Hauwashi, haubabui, na picha ikikuchosha unaifuta. Ndiyo maana hakuna aliyeuona kama tatizo, mpaka alipokuja bibi.

Bibi huyo aliletwa na binti yake, mama mmoja anayeuza mchele. Hakuwa mtu wa picha. Ya mwisho kupigwa ilikuwa ya kitambulisho. Alikuwa mweusi tii, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na mikunjo ya mtu aliyeinamia shamba tangu akiwa mtoto. Akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, kilemba cheupe kichwani, mikono magotini, akamwangalia yule dada kama anayetaka kumuuliza wewe ni mtoto wa nani.

"Mwanangu, mpendezeshe mama," yule mama akasema.

Basi akapendezeshwa. Weupe mpaka mwisho, mikunjo ikapigwa pasi, kovu likaondoka kwa mguso mmoja wa kidole. Mama alifurahi, akalipa, akaweka stetasi. Bibi alipoonyeshwa aliitazama kwa muda, akauliza, "Na huyu ni nani?" Watu wote wakacheka.

Miezi ikapita. Bibi akaugua kidogo tu, akafariki.

Mwenye kujua misiba ya Bongo anajua picha ya marehemu siyo pambo. Inakaa mbele ya jeneza, inawekwa kwenye ratiba, wenye uwezo wanaichapa kwenye fulana, na mambo yote yakiisha inabaki ukutani miaka na miaka. Watoto watakaozaliwa baadaye watamjua marehemu kwa picha hiyo hiyo. Familia ikachapa ile iliyong'aa, maana ndiyo iliyokuwepo. Ikawekwa kwenye fremu sebuleni. Akapita mjukuu mmoja mdogo aliyelelewa na bibi mwenyewe, akaitazama, akauliza, "Bibi wa nani huyu?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo simu ya dada wa picha ikaita. "Shikamoo mama, poleni na msiba." "Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Nitafutie mama yangu. Yule uliyenipa siye."

Aisee, hiyo sentensi ilimkaa. Na kibaya zaidi, picha halisi hakuwa nayo. Simu ilikuwa ikijaa kila wiki, na yeye kawaida yake ni kufuta zile ambazo hajaziediti na kubaki na zilizopendeza. Alitafuta kwenye kadi, akatafuta kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, hakuna kitu. Usiku umeingia, mazishi ni kesho yake saa 8 mchana.

Aliyemwokoa ni mazoea yake mwenyewe. Kabla ya kuediti huwa anamtumia mteja picha tatu nne kwa WhatsApp ili achague. Akampigia mama: "Mama, hebu shuka chini kabisa kwenye meseji zetu, zile za siku ile chini ya mwembe." Zilikuwepo. Bibi yupo, kovu lipo, mikunjo ipo. Ila picha yenyewe ilikuwa imepoa, ina kivuli usoni, mwembe umeimwagia ukijani, na WhatsApp ilikuwa imeibana. Ukituma kwa njia ya kawaida, upande mrefu wa picha hubaki kama nukta 1600 hivi. Kwa bango haifai. Kwa karatasi ya A5, ambayo urefu wake ni sentimita 21, inatosha vizuri tu.

Usiku ule alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kuing'arisha picha bila kumbadilisha mtu. Aliifungua kwenye Lightroom ya simu, akaenda hatua kwa hatua. Mwenye simu afuate.

Kwanza alirekebisha rangi ya mwanga, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ukimpiga mtu chini ya mti, majani yanachuja jua na kumrudishia ukijani usoni, ndiyo maana watu wengi chini ya miembe wanaonekana kama wanaumwa. Kipimo chake kilikuwa kile kilemba cheupe. Akasogeza rangi kidogo kuelekea kwenye waridi, akaongeza joto kidogo, mpaka kilemba kikawa cheupe cha kweli. Kilemba kilipokaa sawa, na ngozi ikakaa sawa yenyewe.

Pili, hakupandisha mwanga wa picha nzima. Alifungua sehemu zenye kivuli tu, chini ya macho na kwenye kidevu, kisha akashusha zile zilizoungua, pale jua lilipopenya kwenye matawi na kutua begani.

Tatu, alipunguza mwanga wa nyuma. Hili wengi hawalijui. Jicho la mtu linapima mwanga kwa kulinganisha. Ukuta wa nyuma ukiwa na mwanga mkali, uso utaonekana umefifia hata ukiupaka nuru ya mbinguni. Ukiufifisha ukuta kidogo tu, uso unatoka mbele wenyewe, bila mtu kubadilishwa rangi.

Nne ni rangi. Kwenye programu hizi kuna vitufe viwili vinavyofanana kazi. Kimoja kinapandisha rangi zote kwa nguvu sawa, na hicho ndicho kinachowafanya watu wawe na midomo ya kuungua. Kingine kinaamsha zile rangi zilizolala tu na kuionea huruma ngozi. Alitumia hicho cha pili. Kisha akaingia kwenye rangi moja moja. Ngozi yetu Waafrika, kwenye hesabu za programu, mara nyingi inaangukia kwenye chungwa na nyekundu. Ukipandisha mwanga wa chungwa kidogo, ngozi nyeusi inapata uhai. Ukizidisha, inakuwa rangi ya majivu. Alipandisha, akaangalia, akarudisha nusu.

Kulainisha ngozi hakugusa. Kovu hakuligusa. Kwenye macho aliongeza mwanga kidogo mno, kiasi cha ule mng'ao wa mboni kuonekana.

Mwisho akakumbuka jambo lililowahi kumtia hasara: kioo cha simu usiku kinadanganya. Ukikiweka kwenye mwanga wa juu, kila picha inapendeza, na ukiichapa inatoka giza. Kioo kinatoa mwanga chenyewe, karatasi inaurudisha tu. Kwa hiyo alishusha kioo hadi nusu, akaongeza mwanga wa picha kidogo kwa ajili ya karatasi, na akaomba itumwe kama dokumenti, siyo kama picha, isije ikabanwa tena. Alfajiri bodaboda ikaondoka kwenda Majimoto kwa mwenye mashine ya kuchapa. Kabla ya saa 5 fremu ilikuwa imeshabadilishwa.

Mama hakusema mengi. Mtoto ndiye aliyesogea, akanyoosha kidole, akakiweka juu ya lile kovu.

Baada ya msiba huo dada wa picha angeweza kujilaumu na kuishia hapo. Ila ukweli ni kwamba tatizo halikuanzia Kasansa. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi zenyewe ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi aliyepigwa za mwanzo. Picha ikimtoa Shirley vizuri, basi mashine iko sawa. Mtu mweusi akitoka meno na macho tu, shauri yake. Walipokuja kurekebisha, waliosukuma sana ni wenye viwanda vya chokoleti na vya fanicha, waliolalamika kuwa bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitofautiani kwenye picha. Ni juzi tu kampuni za simu zimeanza kulitaja jambo hili waziwazi. Google walikuja na teknolojia ya Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, na TECNO wamejijengea soko Afrika, hasa kwa simu za Camon, kwa kuahidi kamera inayoiona ngozi nyeusi.

Kwa hiyo mtu mweusi anayesema "nitoe mweupe" wakati mwingine hasemi anataka kuwa Mzungu. Anasema amechoka kutoka kama kivuli. Amezoea picha ambazo sura yake haionekani, na weupe ndiyo dawa pekee aliyowahi kuonyeshwa. Hapo ndipo mpiga picha anapotakiwa kuwa fundi.

Na ufundi upo siku nyingi. Unguja, Mji Mkongwe, studio ya Capital Art ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, ikapiga watu wa ikulu ya Sultani na watu wa kawaida kwa filamu nyeusi na nyeupe, kizazi cha baba kikampokeza mtoto. Picha za zama hizo zinang'aa mpaka leo, na filta haikuwepo. Kurekebisha nako siyo dhambi mpya, mafundi wa studio walikuwa wakigusa negativu kwa penseli tangu zamani. Ila penseli ilikuja mwisho. Mwanga ulikuja kwanza.

Basi dada akaanza upya na mwanga, na Kasansa ina yake. Katavi iko magharibi, lakini saa ya ukutani ni ile ile ya Dar. Jua linachelewa kama nusu saa. Maana yake jua la utosi Kasansa siyo saa 6 kamili, linakaribia saa 7 mchana. Mwanga wa dhahabu wa jioni nao ni wa kuanzia saa 12 hivi, mpaka jua linapozama karibu saa 1. Mteja akimwambia "nipige saa 7", siku hizi anamjibu kwa upole, "Njoo saa 12 jioni mpenzi, utanishukuru." Akishindwa kusubiri, anamwingiza kwenye baraza au mlangoni. Uso unaangalia nje kwenye mwanga, mgongo unaangalia ndani kwenye giza. Hiyo peke yake ni nusu ya picha.

Chombo chake cha pili kilimshangaza hata mwenyewe: salfeti ya mpunga. Zile nyeupe. Unaikata, unaikunjua, unampa mdogo wake aishike chini ya kifua cha mteja, na mwanga unarudi juu na kufungua macho na kidevu. Bure kabisa. Bati hataki, linapiga mwanga mkali unaomfanya mtu akunje uso. Na kama mteja amesimama kwenye udongo mwekundu, salfeti inalazwa chini, la sivyo ule wekundu unapanda kidevuni.

Cha tatu ni mafuta. Ngozi nyeusi haing'ai kwa kumwagiwa mwanga mwingi, inang'aa kwa kurudisha mwanga. Mafuta kidogo ya kujipaka kwenye mashavu na paji la uso, kisha mwanga mpana kutoka upande mmoja, na utaona sura inachongeka. Poda nyingi inaua hicho kitu chote, inaacha uso umekauka kama ubao wa shule.

Cha nne ni kidole. Kamera haijui kama inamwangalia mtu au ukuta, inachotafuta ni wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe umezidi, inashusha mwanga, uso unazama. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo cha simu, kisha kupandisha lile jua dogo linalotokea pembeni kwa kiasi. Na ile hali ya urembo, ambayo simu nyingi zinakuja nayo imeshawashwa, inazimwa kabla ya kitu chochote. Wengi wanalainishwa bila kujua.

Sheria zake sasa ni chache. Picha halisi haifutwi mpaka mteja aseme. Chunusi anaondoa, maana chunusi ni ya wiki hii. Kovu, mwanya, ndonya, chale na mikunjo haondoi bila kuulizwa, maana hivyo ni vya mwenyewe. Rangi ya ngozi haigusi kwenda juu zaidi ya ile anayoiona mtu akisimama mlangoni saa 12 jioni.

Amepoteza wateja? Ndiyo, tusidanganyane. Wapo waliohamia kwa kijana mwingine wa mtaa wa pili, ambaye mkorogo wake hauna breki. Wengine walirudi. Mmoja alirudi baada ya mchumba aliyemfahamu mtandaoni kufika stendi, akampita mara mbili bila kumtambua, akampigia simu akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

Juzi kati alikuja binti anayeenda kuanza chuo. Akataka nyeupe, ile ya zamani, ya mpaka mwisho. Dada hakumhubiria. Alimpiga mlangoni, salfeti chini, mafuta kidogo, akamtengenezea mbili: moja ya mkorogo na moja ya mwanga. Akaziweka pamoja kwenye kioo.

Binti alizitazama kwa muda mrefu, anakuza, anapunguza, anakuza tena.

"Hii nyeupe nitumie ya profaili," akasema. Kisha akaigusa ile nyingine. "Na hii nichapie. Nataka nimwachie mama."